Picha za Ndume wa Bisil

Miaka hiyo nilikuwa nafanyia kazi nyuma ya duka la mama yangu la mapazia, hapa Kitengela, katika chumba ambacho awali kilikuwa stoo. Mbele, mama aliwapimia watu vitambaa vya madirisha. Nyuma, nikiwa nimezungukwa na majora ya vitambaa mpaka dirishani, mimi niliwatengenezea watu tovuti: mwenye hadiwea, mwenye shule ya chekechea, mtu mmoja wa Isinya aliyeuza nyasi za mifugo. Kazi haikuwa mbaya. Ilikuwa kimya tu, na mimi si mtu wa kimya.

Ndipo siku moja nikapigiwa simu na mwanamume nisiyemjua.

"Wewe ndiye madam wa tovuti?"

"Ni mimi."

"Mimi niko Bisil. Nimeona ile ulitengenezea mtu wa nyasi. Sasa mimi niko na ndume. Nataka watu waone."

Alikuwa na sauti ya mtu asiye na haraka na lolote. Alinieleza kwamba familia yao inafuga Sahiwal, wale ng'ombe wekundu wenye nundu, na kwamba wanunuzi wa mbali, wa Ngong na kwingineko, hawataki kufunga safari kabla ya kujua wanaendea nini. Mnunuzi wa ndume anataka kuona mgongo, miguu, chapa iliyochomwa pajani, na namna sikio lilivyokatwa, kwa sababu hiyo ndiyo alama ya mwenyewe. Picha ikiwa na ukungu, mnunuzi anadhani unaficha kitu.

"Hiyo ni rahisi," nikamwambia. Nilisema hivyo kabisa, bila hata kumeza mate.

Picha zilinifikia ndani ya lori la nyasi, kwenye kadi ndogo ya kamera iliyofungwa ndani ya karatasi ya majani chai. Zilikuwa zimepigwa na binamu yake, ambaye kazi yake ni kupiga picha za harusi, na kusema kweli ndume wale walikuwa wamesimama kama mabwana harusi, vichwa juu, wakitazama mbali. Ungeweza kuhesabu kope. Niliona vumbi lililotua kwenye pua iliyolowa. Nilizipenda picha zile hivi kwamba sikutaka kuzigusa, nikazipandisha kwenye tovuti jinsi zilivyokuja, zote, na kwa mtandao wa dukani kwetu zilifunguka papo hapo. Nikampigia mwenye ndume kwa majivuno.

Alikuwa na simu mbili, moja ya kuongea na nyingine ya kuangalia. Nilisikia mbuzi, pikipiki, na watu wakibishana bei, maana ilikuwa siku ya soko la mifugo.

"Fungua sasa," nikasema.

"Nafungua."

Nikangoja.

"Unaona nini?"

"Naona jina letu. Jina liko sawa. Chini ya jina ni nyeupe tu."

"Ngoja kidogo."

"Nangoja."

Nikangoja tena. Mama alimaliza kumhudumia mteja mmoja na kuanza mwingine.

"Kuna kitu inatoka," akasema hatimaye. "Ni mbingu. Mbingu bado. Sasa naona pembe. Pembe mbili."

"Haya!"

"Inashuka polepole, kama mtu anateremka ngazi na mzigo. Naona paji la uso. Naona macho. Inaniangalia." Nikamsikia akiigonga simu kwa kidole. "Imesimama."

"Imesimama wapi?"

"Kwa pua."

Nikasikia akizungumza na mtu kando, kisha akarudi. "Madam, bundles ya intaneti imeisha. Hii ng'ombe imekula yote, na bado haijapata mdomo."

Nilicheka mpaka mama akaja mlangoni, utepe wa kupimia ukiwa shingoni, kuuliza kama nimepata habari njema au mbaya. Na kule Bisil naye alikuwa akicheka, kicheko cha chinichini ambacho kilionekana kumshangaza hata yeye mwenyewe. Sikuwa nimewahi kuchekwa na mteja kwa kazi mbovu namna ile, wala kufurahia hivyo.

Jioni hiyo nikazibana picha. Kuna mahali kwenye programu ambapo unapunguza ubora ili picha iwe nyepesi, na mimi, kwa pupa ya kutaka kumpendeza, niliuvuta ubora chini mpaka karibu na mwisho. Picha zikawa nyepesi kama unyoya. Kesho yake nikampigia.

"Fungua."

"Imefungua," akasema mara moja.

"Umeona?"

Nikamsikia akiguna.

"Umeona?"

"Madam, hii ni ng'ombe ya nani?"

"Ni yako!"

"Yangu haiko na viraka. Hii ni kama imeshonwa na vipande vya blanketi. Na kwa paja, pale pa chapa, kuna matope." Kisha nikasikia sauti ya mwanamke mtu mzima ikiuliza jambo kwa Kimaasai, kwa ukali. "Huyo ni yeyo," akasema, maana ndivyo Wamaasai wanavyomwita mama. "Ameangalia. Anauliza hii ng'ombe iko na ugonjwa gani wa ngozi, na kwa nini sijaita daktari."

Nilitaka kuona haya, nikashindwa. Nilikuwa nimeinamia jora la pazia nikicheka bila sauti, machozi yakidondokea kitambaa cha mteja.

Nikakaa chini kusoma kazi yangu upya. Kosa langu lilikuwa wazi nilipotulia. Picha ya binamu ilikuwa pana kiasi cha kuweza kufunika ukuta wa kanisa, na mimi niliiacha na upana wake wote, nikaikamua ubora peke yake. Simu ya mtu wa Bisil ina kioo cha kutosha kiganja. Inafaa kwanza kuipunguza picha kwa vipimo, ifikie ukubwa unaoonekana kweli kwenye kioo, ndipo uibane, na uibane kidogo kidogo huku ukitazama pale penye maana. Mimi nilitazama chapa na ncha ya sikio. Vikianza kuyeyuka, narudi hatua moja.

Halafu nikagundua jambo lililonifurahisha kuliko yote. Uzito mwingi wa picha zile haukuwa wa ndume hata kidogo. Ulikuwa wa nyasi. Kila jani la nyasi nyuma ya ng'ombe lilikuwa linatunzwa kwa makini sawa na jicho lake, na hakuna mnunuzi anayekuja Bisil kununua lile jani. Nikakata pembeni, nikazilainisha nyasi za nyuma zikawa rangi tu ya manjano, na uzito ukashuka kwa ghafla huku ndume akibaki vilevile, na kope zake. Niliruka kutoka kitini. Mama akasema kutoka mbele, "Wewe, hapo kuna nini leo?" Nikamjibu, "Nyasi, mum! Ni nyasi!" Akamwambia mteja wake kwamba mtoto huyu alisoma sana.

Picha ikipunguzwa hulegea kidogo, kwa hiyo mwishoni niliinoa, kwa mkono mwepesi. Ukiinoa kupita kiasi, manyoya yanakuwa kama misumari. Nikazihifadhi kwa aina mpya ya picha ambayo simu za sasa zinaisoma na ambayo ni nyepesi zaidi, na ile ya zamani nikaiweka akiba kwa simu za zamani. Nikapanga pia picha za chini ya ukurasa zisianze kufunguka kabla mtu hajazifikia.

Lakini sikutaka kukisia tena. Nilitengeneza picha tatu za ndume yuleyule, zenye uzito tofauti, nikaziita Moja, Mbili na Tatu, na sikumwambia ipi ni ipi.

"Niambie ipi ni safi," nikasema.

"Ngoja, niko na watu hapa."

Alikuwa amesimama nje ya duka moja pale Bisil ambako netiweki ilikuwa afadhali, na wachungaji waliokuwa wakipumzika kivulini wakamzunguka. Nikasikia simu ikipita mkono hadi mkono. Nikasikia ubishi. Mtu mmoja akasema Mbili, mwingine akamwambia macho yake yameisha. Yeyo akaitwa. Kila mtu alikuwa na neno kuhusu ndume yule, na mimi nilikuwa nimekaa Kitengela, simu imebanwa sikioni, moyo ukinidunda kama nimegombea kiti cha bunge.

"Tatu na Mbili wamesema ni sawa," akarudi kunitangazia. "Moja imekataliwa. Yeyo anasema katika Moja ng'ombe iko na usingizi."

Mbili ilikuwa na uzito wa nusu ya Tatu. Hawakuona tofauti! Nikaichagua Mbili, na kwa wiki kadhaa zilizofuata tukafanya hivyo kwa kila ndume: baada ya chakula cha mchana napiga simu, nao wanapiga kura.

Sijui ni lini hasa nilianza kujipaka mafuta ya midomo kabla ya kupiga simu hiyo. Ninachojua ni kwamba mama aliliona kabla yangu. "Hiyo ng'ombe inapiga simu sana," alisema siku moja akikunja kitambaa, bila kunitazama. Nikamwambia ni kazi. "Mimi nimesema si kazi?" akauliza.

Mtu wangu wa Bisil akawa anafungua tovuti kila anakokwenda. Alipokwenda kumsalimia shangazi yake upande wa Kona Baridi, alinipigia akiwa amesimama nje ukingoni mwa bonde, na upepo wa kule ukawa unamnyakua maneno mdomoni. "Imefungua!" alipiga kelele. "Hapa shati inataka kuruka, lakini ndume yako imefungua!" Alisema ndume *yako*. Nililala na neno hilo.

Ukweli ni kwamba kazi ilikuwa imeisha. Ndume wote walikuwa tayari, wekundu wao ni wekundu kweli, chapa zinasomeka. Nikamwambia kuna picha moja imebaki ya kujaribu. Haikuwepo. Nikaitengeneza. Siku iliyofuata akanipigia yeye, akiwa na sauti nzito ya mtu mwenye shida.

"Nimeona ukungu."

"Wapi?"

"Kwa mkia. Ule wa tatu kutoka juu."

Nikaukuza mkia ule mpaka ukajaa kioo chote cha kompyuta. Ulikuwa safi, kila unywele peke yake. Nikabaki nikiutazama, tabasamu likinienea usoni polepole, kisha nikasema kwa sauti ya kitaalamu, "Ni kweli. Naona. Itabidi tuushughulikie."

"Itachukua siku ngapi?" akauliza.

"Mkia ni kazi ngumu."

"Usiharakishe," akasema.

Tuliushughulikia mkia ule karibu wiki mbili.

Kisha siku moja akasema, "Nitumie picha."

"Ya ndume gani?"

"Yako."

Nilimwita rafiki yangu wa duka la pili, anayesuka nywele, aje anipige picha. Tulijaribu mbele ya mapazia ya kijani, tukajaribu nje, tukajaribu nikiwa nacheka na nikiwa sicheki. Nikaipata moja niliyoipenda, nikaiweka kwenye kompyuta, na hapo nikapoteza akili. Niliinoa mpaka nyusi zikawa kama nimezichora na kalamu. Nikailegeza mpaka nikawa kama mtu anayetazamwa kupitia mvuke wa ugali. Mwisho nikairudia ile ya kwanza, nikaipunguza vizuri kama nilivyojua, nikaituma.

Akapiga. "Hii umeipunguza."

"Ndiyo, ili ifunguke haraka."

"Ile yenyewe iko?"

"Iko, lakini ni nzito. Huko kwenu—"

"Nitumie hiyo. Nitangoja."

Nikaituma, jinsi ilivyotoka kwenye kamera, na bado simu ilikuwa sikioni. Nilisikia anapumua. Nilisikia kengele ya kondoo ikipita.

"Inatoka," akasema. "Nywele."

Nikajifunika uso na pazia.

"Paji la uso."

"Acha!"

"Bado inashuka."

Kengele ya kondoo ikapita tena, ikirudi.

"Umefika wapi?" nikauliza.

"Macho," akasema. "Usiongee kidogo."

Sikuongea. Nilikaa kwenye kile kistoo, miguu imenyooka juu ya majora ya vitambaa, nikiwa na furaha ya kipumbavu kabisa, na sidhani kama kuna mtu Kitengela nzima aliyekuwa na bahati kama yangu mchana ule.

Haukupita muda mrefu mnunuzi wa kwanza akajitokeza kupitia tovuti: mama mmoja wa Ngong, mfugaji, aliyetaka ndume mmoja na kutaka kumwona kabla ya kumchukua. Wakakubaliana wakutane Kajiado, kwenye uwanja wa kuuzia mifugo. Mtu wangu wa Bisil akaniambia, "Njoo uone kama inafanana." Nikamwambia mama nina safari ya kikazi. Mama akafunga duka, akavaa viatu vya kanisani, akamwomba jirani mwenye pikapu atupeleke. "Hiyo ng'ombe," alisema, "nataka niione na macho yangu."

Njiani alijifunza salamu ya Kimaasai kwa jirani yule, aliyekuwa ameishi na Wamaasai tangu utotoni. Mwanamume akikusalimu *takwenya*, wewe mwanamke unajibu *iko*. Mama aliirudia mpaka Kajiado.

Pale uwanjani nilimjua kwa sauti. Alikuwa amenipa mgongo, amevaa koti la kahawia, mfupi kuliko nilivyomjenga kichwani, anaongea na yule mama wa Ngong bila haraka yoyote. Mama wa Ngong alikuwa ameishikilia simu yake kando ya ndume, akitazama kioo, akitazama mnyama, akimzunguka. Akainama kutazama chapa. Akalishika sikio. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa mama yangu kwa nguvu.

"Nilijua mmeipamba," mama wa Ngong akasema mwishowe. "Picha za siku hizi zote zimepambwa. Kumbe ni huyuhuyu, hata hiki kikovu cha goti kiko." Akaigonga nundu ya ndume kama anayegonga mlango. "Namchukua."

Ndipo yule wa koti la kahawia akageuka akaniona.

Tulikuwa tumeongea karibu kila siku kwa miezi. Tulikuwa tumeongea kuhusu mvua, kuhusu kupe, kuhusu mikia. Sasa alikuwa hapo, hatua chache mbele yangu. Alisema, "Umekuja." Nikasema, "Eeh." Akaivua kofia yake, akaitazama, akaivaa tena. Mimi nikatazama ndume. Mume wangu, maana ndiye huyo, mpaka leo anakana kwamba alikimbia, lakini alikimbia: alisema anakwenda kuangalia lori, akapotea nyuma yake. Kabla sijajua nijiweke wapi, simu yangu ikalia.

"Umefika salama?" sauti yake ikauliza.

Niliiona kofia yake ikijitokeza juu ya boneti ya lori. "Nimefika. Nakuona."

"Mimi pia nakuona. Hiyo nguo ni nzuri."

"Hiyo koti pia."

"Safari ilikuwaje?"

"Vumbi kidogo."

Basi tukaongea hapo, nikiwa upande huu wa lori naye upande ule, kwa raha kama kawaida yetu, tukicheka, mpaka yeyo wake, mama mrefu mwenye shanga na sauti ileile ya ukali, akamjia kutoka nyuma akaipokonya ile simu. Upande wangu, mama yangu akafanya vivyo hivyo. Walitazamana juu ya boneti, kila mmoja na simu ya mtoto wake mkononi.

"*Iko!*" mama yangu akasalimia kwa nguvu, jibu likitangulia salamu.

Yeyo alistuka, kisha akacheka kicheko kirefu, akazunguka lori akaja kumshika mkono. Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha kuokota, kila mmoja aliokota mahali pake, lakini walielewana haraka. Tulipokaa hotelini kula nyama, wao ndio walioongea. Yeyo alitaka kujua kama ni mimi niliyemtia ng'ombe wake ugonjwa wa ngozi. Mama akamwambia ni mimi, na kwamba nyumbani pia naharibu vitu. Sisi tulikula tumeinamisha vichwa, magoti yetu yakigusana chini ya meza, na nikamwona akitabasamu kwenye sahani yake ya ugali.

Tulipoagana, yeyo alimpa mama kibuyu cha maziwa. Mama hakuwa amewahi kunywa maziwa yaliyokaa ndani ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Alikishika mapajani kama mtoto mchanga, akasema atayaonja nyumbani. Tulipofika Isinya akafungua kifuniko, akanusa. Akaonja.

"Ina moshi," akasema.

"Rudisha kifuniko basi," nikamwambia.

Hakurudisha. Alionja tena, kuhakikisha. Kilometa chache mbele akaonja tena, akampitishia jirani, akakichukua upesi kabla hajamaliza kumeza. Nilikuwa nimekaa dirishani nikiangalia tambarare ikipita, nikicheka peke yangu bila sababu ya kueleweka, na mama akawa anajifanya hanioni. Magorofa ya Kitengela yalipoanza kuonekana, alikiinamisha kibuyu mpaka tone la mwisho, akajifuta mdomo na kitambaa chake cha kanisani.

"Huyo mama," akasema, "mpigie umwambie tumefika. Na umwambie kibuyu nitamrudishia mwenyewe."